Mwezi Tuliopimwa Umaskini

Kabla ya kuona chochote, tulisikia sauti. Ilikuwa baada ya Alasiri, katikati ya mwezi wa Ramadhani, na sauti hiyo ilikuwa ikishuka kutoka barabara ya juu kuja kwenye vichochoro vya Ujiji. Ilikuwa sauti ya mwanamume ndani ya kipaza sauti, ikikatwakatwa na upepo wa ziwani hata lisibaki neno zima. Ilikuja, ikapotea nyuma ya nyumba za majirani, ikarudi ikiwa karibu zaidi. Gari lenyewe halikuonekana. Bibi yangu, aliyekuwa uani akichambua choroko za futari, aliacha mikono yake ndani ya ungo akainua uso.

"Nani kafa?" aliuliza.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, alikwenda mlangoni akatega sikio. Kwetu gari la matangazo likipita saa kama ile mara nyingi huwa limebeba jina la maiti na saa ya kuzika. Alisimama pale kwa muda, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, kisha akarudi.

"Hajafa mtu, Mama. Wanakuja kutupima upya."

"Kutupima nini? Presha?"

"Umaskini."

Bibi alirudisha macho kwenye choroko. "Basi wapime," alisema. "Kupimwa si kuzikwa."

Mama mdogo hakucheka. Aliniangalia mimi, na usoni mwake niliona woga ule ule ambao Bibi alikuwa nao kabla ya kuambiwa kwamba hakuna msiba.

Tulikuwa wanawake watatu katika nyumba ile. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi, nikikaa chumba cha uani na kuandika hadithi ambazo hazijamlisha mtu bado. Bibi alikuwa mjane wa miaka mingi, miguu imevimba, anakunywa dawa za presha. Aliyetuweka mjini alikuwa Mama mdogo. Alfajiri alikwenda ufukweni kununua dagaa wabichi kwa wavuvi, akawaanika, akawapeleka gulioni Mwandiga. Lakini siku hizi kila mwaka serikali hulifunga ziwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane, na miezi hiyo hakuna dagaa wa kuanika. Kilichotuvusha ni ule mpango wa ruzuku kwa kaya maskini. Bibi aliandikishwa humo zamani, na ruzuku ilipokuja tulinunua unga na dawa zake, tukafunga mkanda, tukangoja ziwa lifunguliwe.

Mama mdogo alikuwa ameshasema, tena zaidi ya mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema kesho atafua. "Siku mpango ukitutoa, ziwa likifungwa mimi navuka."

Kuvuka kwetu ni kwenda ng'ambo, upande wa Kongo. Siku za mawingu milima ya ng'ambo haipo. Ni maji tu mpaka mwisho wa macho. Lakini mvua ikikata, inajitokeza ghafla, ya buluu na karibu mno, mpaka unaona mikunjo yake. Bibi hakupenda kuiangalia ikiwa hivyo. Mtoto wake wa kiume, mjomba wangu, alivuka kwenda kutafuta maisha nilipokuwa shule ya msingi, akasema angerudi baada ya mavuno. Hakurudi. Haikuja barua wala salamu, na hakuna mtu aliyesema kwamba amemuona akiwa hai au akiwa maiti. Katika dua zake Bibi hakujua amuombee uzima au amuombee rehema, akawa anaomba vyote viwili, kimoja baada ya kingine.

Kwa hiyo nilipomwona Mama mdogo akirudi kutoka mlangoni, nilijua kinachopimwa si umaskini peke yake.

Habari ilipita ukuta kabla ya kufuturu. Jirani yetu wa ukuta mmoja ni mama wa Kirundi, aliyezaliwa na kukulia kwenye kambi ya wakimbizi kabla ya kuolewa na fundi seremala hapa mjini. Anakwenda kanisani Jumapili na anamwita Bibi "mukecuru", ambalo kwao ndilo neno la heshima kwa mwanamke mzee. Aliingia bila hodi, kanga imefungwa vibaya, kama mtu aliyesikia moto.

"Mukecuru, nisikilize mimi. Mimi nimehesabiwa tangu sijaota meno. Akija mwenye kuhesabu, godoro linahama. Sufuria kubwa inahama. Redio inahama. Na wewe mwenyewe unakohoa kidogo."

"Nikohoe kwa nini, nina mafua?"

"Kohoa tu. Kikohozi hakina dhambi."

"Nimefunga," Bibi alisema.

"Ndiyo nasema! Mtu aliyefunga akikohoa anasikitisha zaidi."

Mama mdogo alicheka, mara ya kwanza siku ile. Bibi naye alitabasamu, lakini alikuwa ameshaanza kuwaza jambo jingine kabisa. Mgeni wa serikali angekuja nyumbani kwake, nasi tulikuwa na mkeka na vigoda viwili. Angemkalisha wapi?

Asubuhi ya siku iliyotajwa na gari la matangazo alinituma kwa mwalimu mstaafu aliyekaa mtaa wa pili nikaazime viti viwili vya mbao na kitambaa cha meza. Niliporudi nimevibeba kichwani nilikutana mlangoni na jirani yetu akitoka na redio yetu chini ya kanga, ameikumbatia kama mtoto mgonjwa.

"Yooo!" alisema. "Mimi natoa, huyu anaingiza! Nyumba hii ina mashetani gani?"

"Bibi kasema mgeni akae vizuri."

"Basi atakaa vizuri na atawaandika vizuri," alisema, akaenda zake. Nilicheka, na kicheko kilinikauka nikiwa bado na viti kichwani.

Kwa kazi yangu ya kusoma kila karatasi inayopita mbele yangu, nilijua kidogo jinsi mambo haya yanavyofanyika. Serikali ina mistari. Mstari wa chini unatokana na kapu la chakula: wanatazama watu wa kawaida wanakula nini, wanakadiria kiasi kinachotosha mwili kuendelea kuishi, na bei ya kapu hilo inakuwa mpaka. Juu yake kuna mstari mwingine unaoongeza nguo, dawa, mahali pa kulala na mahitaji mengine ambayo mtu hayali lakini hawezi kuishi bila hayo. Aliye chini ya mstari ni maskini. Aliye juu yake, hata kwa unene wa unyasi, siye.

Lakini nani anaweza kujua mwanamke anayeanika dagaa anapata nini? Mwenyewe hajui; leo anapata, kesho mvua inanyesha na mzigo unaoza. Kwa hiyo wanaopima hawaulizi mapato. Wanaangalia vinavyoonekana: paa, ukuta, sakafu, choo, watu wanalala wangapi chumba kimoja, wamekula nini siku za karibuni. Ni kama daktari anavyofunua ukope wa mgonjwa kuangalia wekundu, ili ajue habari ya damu ambayo haioni. Sikuidharau njia hiyo. Mimi pia nikiandika naanza na kiatu cha mtu ndipo nifike kwenye huzuni yake. Kilichonitisha ni kwamba nyumba yetu ilikuwa na ukope mzuri.

Babu aliijenga wakati biashara ya mawese ilipokuwa imemkalia vyema. Paa la bati. Sakafu ya saruji, imepasuka lakini ni saruji. Kuta nene, zimepakwa chokaa. Na masika yale ziwa lilikuwa limepanda tena. Miaka ya nyuma lilimeza nyumba za chini, na kuta zake zilibaki zikisimama majini bila paa, ndege weupe wakitua madirishani. Sasa maji yalikuwa yamefika kwenye mchikichi uliokuwa mpaka wa kiwanja chetu. Ukuta wa nyuma ulikuwa na unyevu unaopanda kutoka chini, kila wiki juu kidogo. Hakuna swali lililouliza ziwa liko umbali gani.

Mgeni alikuja kabla ya Adhuhuri pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa kijana mwembamba wa kutoka mkoa mwingine, midomo imemkauka kwa swaumu, kishikwambi mkononi kwenye ganda jeusi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Si hapo, kaa kwenye kiti."

Alikaa. Aligusa mkono wa kiti, akauliza kwa upole, "Viti hivi ni vya hapa?"

"Vya mwalimu. Nimeviazima kwa ajili yako."

Kijana alitabasamu, hakubonyeza kitu. Nilimpenda kwa hilo. Nilianza kuamini kwamba labda tutapona.

"Mna redio, Bibi?"

"Tunayo."

Aliangaza macho chumbani. "Iko wapi?"

"Kwa jirani. Ameificha."

Nyuma ya ukuta tulisikia mtu akikohoa, kikohozi kirefu cha hasira. Mwenyekiti alijifanya anatazama dari. Mama mdogo, aliyekuwa amesimama penye mlango wa uani, alifumba macho.

Mama mdogo alipojaribu kujibu yeye, kijana alimwomba radhi. Mkuu wa kaya ndiye anayejibu, alisema, na mkuu wa kaya alikuwa Bibi. Basi Bibi akajibu. Bati, ndiyo. Saruji, ndiyo. Choo, kipo, kina mlango. Alijibu akiwa amenyoosha mgongo, kama alivyokuwa akijibu posa za binti zake.

Kisha likaja swali la chakula.

"Siku saba zilizopita, Bibi. Mmekula nyama?"

Lazima nieleze hapa jinsi Ramadhani inavyokuwa kwetu. Kabla ya Magharibi, watoto hupita vichochoroni na sahani zilizofunikwa. Mjane hasahauliwi. Mtoto anafika mlangoni, anasema tu "futari," anakabidhi, anakimbia. Hasemi ni ya nani ingawa kila mtu anamjua mama yake. Siku hii unaletewa tambi, siku ile sambusa, mara bakuli la mchuzi wa nyama, mara samaki wa mgebuka wa kukaanga. Kesho yake sahani inarudi kwao, na hairudi tupu: Bibi huweka humo ngumi ya choroko, au ndimu, au tende mbili. Na hapo jambo limekwisha. Kulitaja ni kulichafua. Aliyetoa akisema "nilimpa" sadaka yake imeingia mdudu, na aliyepokea akisema "nilipewa na fulani" amemvua fulani nguo barabarani. Mwezi ule mmoja nyumba yetu ilikula kama nyumba ya tajiri, na hatukuwa tumenunua hata kitunguu.

"Nyama tumekula," Bibi alisema. "Juzi. Na Ijumaa. Na Ijumaa ile kulikuwa na kuku pia."

"Samaki?"

"Samaki ndiyo tunaishi nao."

"Wali?"

"Wali, tambi, maandazi. Mwanangu, mwezi huu ni wa baraka."

"Mama," Mama mdogo alisema kutoka mlangoni. "Mwambie vilikotoka."

Bibi hakugeuka.

Kijana aliinua kichwa. Alikuwa mtu mwangalifu, nadhani, na naye alikuwa Mwislamu, huenda nyumbani kwao pia sahani zilipita. "Bibi, chakula hicho mnakinunua, mnalima, au mnapewa?"

"Kinatoka kwa Mungu."

"Hilo halimo humu," alisema, akijaribu kucheka. "Nina kununua, kulima, kupewa. Kama mnapewa niambie mnapewa na nani, ndugu au majirani, na ni mara kwa mara au ni mwezi huu tu."

Nilisikia maji ya ziwa yakipiga kwenye kuta zilizozama huko chini. Jibu lilikuwa dogo, maneno mawili tu, na lilikuwa kweli. Lakini mwenyekiti wa mtaa alikuwa amekaa pale, na mke wa mwenyekiti ndiye aliyeleta kuku wa Ijumaa. Bibi angesemaje mbele ya mwanamume yule kwamba mkewe anamlisha?

"Andika tumekula," alisema.

"Bibi, fikiri vizuri. Jibu lina maana."

"Nimefikiri. Mtu akikulisha humtaji. Andika tumekula na tumeshiba."

Kijana alishikilia kidole chake juu ya kioo. Akauliza polepole, kama anayemrushia mtu kamba majini, "Na katika siku hizo, kuna siku mlikosa chakula? Au mkapunguza ili kitoshe? Hata mara moja tu."

Bibi alimtazama kwa huruma, kana kwamba kijana ndiye aliyehitaji msaada. "Hatujakosa, alhamdulillahi. Katika mwezi huu niseme nimekosa? Si kufuru hiyo?"

Kidole kikashuka.

Alipoaga nilimsindikiza mpaka kona. Nilimuuliza kama tutabaki. Alisema hajui, na niliona hasemi uongo. "Mimi nakusanya tu," alisema. "Majibu yanajumlishwa huko mbele. Hata mimi majina nitayasikia mkutanoni kama ninyi." Aliinama akavaa kiatu chake vizuri. "Bibi yako ni mtu mzuri sana," akaongeza, kwa sauti ambayo watu huitumia msibani.

Idd ilikuja ikapita. Sahani zilikoma siku ile ile mwezi ulipoandama, kama bomba lililofungwa, na hakuna aliyelaumu. Ndivyo ilivyo kila mwaka. Tulirudi kwenye ugali na dagaa, kisha ugali na mchicha. Usiku Mama mdogo alisema amekula huko huko sokoni, na mimi nilijifunza kusema nimeshiba. Mvua hazikukata. Unyevu wa ukuta wa nyuma ulifika kwenye msumari tulikotundika kalenda. Kama tungeulizwa yale maswali wiki hiyo! Lakini wiki iliyopimwa ilikuwa imeshapimwa, na ilikuwa inakaa mahali fulani kwenye mashine, wiki yetu ya nyama na kuku, ikitusemea.

Mkutano uliitwa kwenye uwanja wa shule. Bibi alibaki nyumbani kwa sababu ya miguu. Tulikaa kwenye nyasi, mimi, Mama mdogo na jirani yetu, mbele yetu meza na afisa wa mpango aliyekuja na mwavuli. Mwenyekiti alisoma majina ya wanaobaki. Alisoma taratibu. Kila jina lililosomwa lilikuwa la mtu tunayemjua, na kila mara bega la Mama mdogo liligusa langu. Halafu akageuza karatasi.

"Sasa nasoma waliohitimu."

Ndilo neno lao. Mtu akionekana ametoka kwenye umaskini wanasema amehitimu. Watu walianza kuchekeana.

"Majoho yako wapi, mwenyekiti?" mzee mmoja alipaza sauti.

"Na sherehe tutakula nini? Vyeti?"

Jina la Bibi lilikuwa katikati. Lilisomwa kama mengine. Kicheko kilipungua, kisha kikanyamaza kabisa, na nilijua kwa nini. Walikuwa wamekaa palepale, wanawake waliotuma sahani. Mke wa mwenyekiti. Mama wa tambi. Binti wa sambusa, na mtoto wake aliyekuwa akisema "futari" na kukimbia. Wote walielewa kwa mara moja kilichotokea. Wote waliangalia nyasi.

Afisa alisimama chini ya mwavuli wake. "Mkutano huu ndio unaowajua watu," alisema. "Kama kuna kaya imetolewa kimakosa, mtu asimame aseme, tutaipeleka mbele iangaliwe tena. Nani ana pingamizi?"

Hakusimama mtu. Nataka nieleweke: haikuwa roho mbaya. Kusimama kungekuwa kusema, mbele ya mtaa mzima na mgeni, chakula kile kilikuwa changu, mimi ndiye niliyemlisha. Lugha yetu ina neno kwa wema unaotangazwa, masimango, na mtu wa kwetu angependelea kufa njaa kuliko kula sahani yenye masimango. Kwa heshima walituletea, na kwa heshima ile ile walinyamaza. Upepo ulikuwa ukipeperusha karatasi ya mwenyekiti.

Jirani yetu hakulelewa hivyo. Kambini hakuna sahani inayokuja imefunikwa. Huko kila kibaba kinatolewa kwa kuita jina. Niliona ameanza kuinuka, goti moja tayari limeacha nyasi.

Mama mdogo alimshika pindo la kanga.

"Kaa chini, dada."

"Nikae vipi? Hawajui! Chakula kile si—"

"Kaa."

"We mwanamke, ni maneno mawili. Niache niyaseme mimi, mimi sina haya."

"Ukiyasema, mama yangu hatagusa tena chakula cha mtu mpaka anaingia kaburini. Unamjua." Hakupandisha sauti. "Ramadhani ijayo atafunga mlango watoto wakija. Atakufa kwa aibu kabla ya njaa. Kaa."

Jirani alimtazama, akanitazama mimi, akitafuta mtu wa kumruhusu. Nilikuwa nimefungua mdomo. Sikupata cha kusema kilichokuwa na nguvu kuliko ule mkono kwenye pindo. Jirani akakaa. Afisa akahesabu pumzi kadhaa, akasema ahsante, akaenda kwenye ajenda nyingine, ambayo ilikuwa mitaro.

Tulirudi nyumbani. Penye duka la kona Mama mdogo alisema, bila kusimama, "Wiki ijayo ziwa linafungwa," na nilijua ameshaanza kufunga mizigo kichwani.

Bibi alikuwa ukumbini, akitungoja na chai imepoa. "Wamesemaje?"

"Umehitimu, Mama."

"Nimehitimu nini?"

"Umaskini."

Alicheka. Alicheka kwa dhati, meno machache yakionekana, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na marehemu babu yenu hakuwahi kuhitimu hata darasa la nne!" Kisha akamtazama binti yake usoni, na kicheko kikaondoka kama maji yanavyoondoka kwenye mchanga.

"Nilisema kweli," alisema.

"Najua, Mama."

"Ningesema nini?"

"Hukukosea. Sijasema umekosea."

"Basi kaa."

Mama mdogo alikwenda uani akaanza kukunja nyavu za kuanikia, akizipiga ukutani kutoa magamba. Alizipiga muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Siku zilizofuata Bibi alijaribu kila njia isipokuwa kumkataza. Alisema ameota ndoto. Alisema boti za mbao zinajazwa kupita kiasi, kitu ambacho ni kweli. Alisema kaka yako naye alisema mpaka mavuno. Alipoona haisaidii, aliacha kusema, akawa anamfuata Mama mdogo kwa macho chumba hadi chumba, kama mtu anayejifunza kitu kwa moyo. Mama mdogo alitafuta kibarua kwingine; alikwenda mpaka Katubuka kuuliza kazi ya kufua, lakini miezi ya ziwa kufungwa kila mwanamke wa ufukweni anatafuta kufua. Ng'ambo alikuwa na rafiki anayeuza vitenge, aliyesema kazi ipo. Ndivyo rafiki alivyosema. Mjomba pia alikuwa na rafiki.

Alipaswa kuondoka alasiri. Mvua ilikuwa imekata mchana na milima ya ng'ambo imejitokeza yote, karibu sana, buluu nzito, mpaka nilitamani ifunikwe. Jirani alileta chapati zilizofungwa kwenye gazeti, akalia kwa sauti hata Mama mdogo akamwambia anyamaze, hajafa mtu. Mizigo ilikuwa begi moja na kifurushi cha kanga.

Bibi alimwita akae mbele yake kwenye mkeka. Alikishika kichwa cha binti yake kwa mikono miwili, akasoma alichosoma, akampulizia utosini. Hakumwachia.

"Huko ng'ambo," alisema, "wanahesabu watu?"

"Hawahesabu, Mama. Nani atawahesabu."

"Basi nani atajua ukipungua?"

Mama mdogo aliishika mikono ile akaiteremsha mapajani mwa mama yake, mmoja, kisha wa pili, akaiacha pale. Alisimama. Nilichukua begi nikamwambia nitamsindikiza mpaka Kibirizi, kwenye boti. Alilitoa begi mkononi mwangu.

"Baki naye," alisema. "Usimwache peke yake na ziwa."

"Utapiga simu?"

"Nikipata mtandao."

Alivaa ndala. Alijitanda mtandio, akautazama ukuta wa nyuma, ule unyevu, kwa muda mfupi, kama fundi anayekadiria kazi asiyoweza kuichukua. Bibi alikuwa ameanza kuinuka kutoka kwenye mkeka, mkono mmoja sakafuni, na miguu yake haikumkubalia. Mama mdogo aliona. Alitoka upesi, akageuka akiwa nje, akakishika kitasa, na akauvuta mlango mwenyewe mpaka ukafunga.